Mkono Uliotangulia Ishara

Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuyapenda maji asubuhi ile, ni Samaki, mzamiaji wa chuo. Maji ndiyo yaliyomlisha, ndiyo yaliyompa jina, na ndiyo yaliyomletea mpenzi wake, Chapchap. Lakini alipochungulia kupitia kioo cha mlango wa bwawa, akamwona mama yake Chapchap amekaa benchi la mbele, mkoba juu ya mapaja, magoti yamebanana kama ya mtu anayengoja kung'olewa jino, alitamani angekuwa fundi viatu.

Pembeni ya mama alikaa shangazi yake Chapchap, ambaye hakubana kitu. Alikuwa ameshaelewana na wazazi wa wanafunzi wengine, ameshajua nani ni mtoto wa nani, na sasa alikuwa akimweleza baba mmoja kwamba yeye mwenyewe angeweza kuwa baharia hodari kama si miguu yake kuvimba.

Chuo hicho cha mafunzo ya kazi za baharini kilikuwa na desturi ya kuwaalika wazazi siku ya mtihani wa mwisho wa kujiokoa majini. Walimu walisema mzazi akiona kwa macho yake jinsi mtoto anavyotoka ndani ya helikopta iliyopinduka, atalala usingizi mtoto akienda kazini. Wengine walilala kweli. Wengine walirudi nyumbani na kumfichia mtoto pasipoti.

Mama yake Chapchap alikuwa wa kundi la pili kabla hata hajafika. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na binti huyo ndiye jicho lake. Binti alipojifunza ufundi umeme, mama alijisifu mtaa mzima. Binti alipopata nafasi ya kwenda kufunga na kutengeneza nyaya kwenye mtambo wa gesi uliosimama katikati ya bahari, mahali pa kufikiwa kwa helikopta tu, mama alizima cherehani na kusema hapana. Wakabishana wiki nyingi. Mwisho mama alisema atakuja kuona mtihani, na akishaona ndipo atasema neno lake. Chapchap alijua maana yake ni nini. Bila cheti cha leo, helikopta ya kesho ingeondoka bila yeye, na mama asingepata shida ya kusema hapana mara ya pili.

Kuhusu Samaki, mama alikuwa ameshasema neno lake zamani. Alimwambia binti yake kwamba yeye hamkatai mtu, ila hajawahi kusikia mwanaume anayelipwa mshahara kwa kulowa, na kama anataka kuolewa na samaki, basi amwambie mapema ili yeye mama, badala ya shela, ashone wavu.

Samaki alipotoka kuwaamkia, mama aliitikia "marahaba" fupi, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni katika lile vazi la kuzamia lililombana mwili kama ngozi ya pili, kisha akamuuliza kama hivyo ndivyo anavyovaa kazini siku zote. Shangazi alisema yeye haoni ubaya. Samaki alirudi kwenye korido masikio yakiwaka moto.

Hapo ndipo alipomkuta Chapchap, ovaroli ya rangi ya machungwa imemzidi mabega, nywele amezibana nyuma, macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Umemwamkia mama?"

"Nimemwamkia. Nadhani ananipenda kidogo kidogo."

"Muongo." Alicheka, halafu kicheko kikaisha taratibu na wakabaki wanatazamana, jambo lililokuwa likiwatokea mara nyingi siku hizo na kuwachelewesha kazini. "Leo usiniangalie mimi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Humo ndani tutakuwa wanne."

Samaki aliahidi kuwaangalia wote wanne sawasawa. Aliahidi kwa moyo safi kabisa, na moyo wake wenyewe ulijua kwamba anadanganya.

Chapchap hakupewa jina hilo kwa bahati. Alikula haraka, alitembea haraka, alipenda haraka pia, maana yeye ndiye aliyemwambia Samaki kwamba wanapendana wakati Samaki bado anatafuta maneno. Lakini ndani ya helikopta iliyopinduka, haraka ni adui. Chumba cha chuma kilichoundwa kama tumbo la helikopta kinateremshwa na winchi mpaka maji yafike kifuani, kinageuka juu chini, na mtu anatakiwa akae na mkanda wake kiunoni, mkono mmoja umeshika kizingiti cha dirisha au kiti cha jirani, asubiri mpaka mzunguko usimame. Anayefungua mkanda mapema huelea, hajui tena juu ni wapi. Siku za mwanzo Chapchap alifungua mapema kila mara, akatolewa anakohoa. Samaki ndiye aliyebaki naye bwawani baada ya masomo, siku baada ya siku, akimfundisha jambo moja tu: kutulia. Na sheria ya wazamiaji wa pale nayo ilikuwa moja. Mwanafunzi akizidiwa hupunga kiganja mbele ya uso, na mzamiaji humtoa. Asipopunga, asiguswe. Akiguswa, mtihani umekwisha na amefeli.

Kundi lao liliingia. Chapchap alipangiwa kiti cha ndani, na jirani yake aliyekaa dirishani alikuwa kijana mnene mwenye miguu mirefu ambaye wenzake walimwita Ngazi. Ngazi angetoka kwanza, Chapchap amfuate kwa dirisha lile lile. Samaki alijikita ndani ya chumba, nyuma ya viti, mtungi wa hewa mgongoni, miwani yake usoni. Mkufunzi mkuu alipuliza filimbi. Maji yakapanda, dunia ikapinduka, mapovu yakajaa kila mahali kisha yakatawanyika.

Wawili wa upande wa pili walitoka vizuri. Ngazi alisukuma dirisha, akafungua mkanda, akajivuta nje kwa shida, miguu yake ikibaki ndani ikipigapiga. Na Chapchap alikaa. Alining'inia kichwa chini kwenye kiti chake, mkono mmoja kwenye kiti cha Ngazi, mwingine kwenye mkanda, macho yamefumbwa, hatikisiki hata kidole.

Samaki hakuwahi kumwona Chapchap ametulia namna ile, si majini wala nchi kavu. Katika miezi yote waliyojuana, hata akiwa amekaa kusikiliza, mguu wake mmoja ulikuwa ukicheza. Alitazama kiganja cha Chapchap, hakikupunga. Akajiambia angoje. Akajiambia tena. Kisha mkono wake, bila kumuuliza, ukanyooka, ukafungua mkanda, ukamkumbatia kiunoni na kumtoa nje kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Walipoibuka, Chapchap alikuwa na pumzi za kutosha kabisa. Alizitumia zote kumtazama.

Watu walipiga makofi kwa mashaka, hawajui kama ndivyo inavyotakiwa. Mkufunzi mkuu hakupiga. Mama alikuwa amesimama, mkoba umeanguka, viganja viwili mdomoni.

Chapchap aligeuka walipofika kwenye korido ya makabati, maji yakiwachuruzika na kufanya madimbwi mawili sakafuni.

"Nilipunga mkono?"

"Hapana."

"Basi?"

"Nilidhani umezimia. Ulikuwa umetulia mno."

"Nilikuwa nangoja miguu ya Ngazi itoke dirishani. Ulinifundisha wewe. Ulisema usimfuate mtu miguu yake ikiwa bado inapiga, utapigwa teke la uso. Siku zote hizi unanifundisha kutulia, Samaki. Leo nimetulia, umenitoa."

Samaki alijua ni kweli, kila neno. Alikuwa amemfundisha mtu kungoja, na yeye mwalimu akashindwa kungoja. Alianza kusema samahani, lakini Chapchap aliinua mkono kumzuia, na sasa sauti yake haikuwa na hasira. Hilo lilimuumiza zaidi.

"Watu wote wa kwetu wananiogopea. Mama, shangazi, majirani, hata mwenye duka. Nilikuwa na mtu mmoja tu aliyeamini kwamba naweza. Leo na yeye kaniogopea, tena mbele yao."

Aliingia chumba cha kubadilishia nguo. Mlango haukubamizwa, ulifungwa polepole, na Samaki angeona afadhali ubamizwe.

Alikuwa bado amesimama pale, akiutazama mlango kama ungeweza kumwonea huruma, aliposikia viatu vya mama. Shangazi alifuata nyuma na taulo aliloliokota mahali. Samaki alijiandaa kutukanwa. Badala yake, mama alichukua taulo kwa shangazi, akamfunika Samaki mabegani kama mtoto aliyetoka kuoga.

"Kaa, baba," alisema.

Hakuwahi kumwita baba. Samaki alikaa.

Mama alisema yeye si mtu wa kuficha. Alikuwa hamtaki, na alishasema hamtaki, na aliomba amsamehe kwa yale maneno ya wavu. Lakini leo ameona kwa macho yake. Wote waliokuwa mle bwawani walimwacha mwanawe chini ya maji, wanangoja filimbi na ishara na sijui nini, na mtu mmoja tu hakungoja kuambiwa. Mume wa mwanawe, alisema, ni huyo, hata kama analowa kutwa nzima.

"Cheti amekosa," aliendelea, na uso wake ulikuwa umepumzika, umekuwa mzuri kama wa binti yake. "Sitakudanganya, sikulia. Helikopta na iende. Abaki, muoane, mimi nitawashonea kila kitu kuanzia shela mpaka mapazia. Wewe usiseme neno. Acha mambo yaende yanavyokwenda."

Shangazi alimuuliza Samaki kwao ni wapi na kama mama yake yu hai, kwa sauti ya mtu ambaye kichwani ameshaanza kupanga viti.

Jamani, moyo wa mwanaume nao ni nyama. Kila kitu alichokitamani Samaki kilikuwa kimewekwa mbele yake kama chakula kilichofunuliwa. Chapchap asiondoke. Mama aridhike. Kuamka na binti yule, kugombana naye kuhusu kikombe, kumsikia anapanda ngazi mbilimbili jioni. Na bei yake ilikuwa kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote chini ya maji. Hasira za Chapchap zingeisha. Hasira zake pia zilikuwa za haraka.

"Mama," aliuliza, "akibaki atakuwa na furaha?"

Mama alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliomponza. "Atazoea," alisema.

Samaki alimwona Chapchap aliyezoea. Alimwona anatembea polepole. Aliondoa taulo mabegani, akalikunja vizuri, akamrudishia mama kwa mikono miwili.

"Naomba unisamehe, mama. Twende kwa mkufunzi mkuu. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe."

Mkufunzi mkuu alikuwa mwanamke mfupi aliyezeeka melini, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiagiza chai. Alikuwa amesimama kando ya bwawa na wazamiaji wengine, na mkononi ameshika miwani ya Samaki aliyoitupa alipotoka majini. Wanafunzi walikuwa wamekaa ukingoni. Chapchap alikuwa ametoka na nguo zake kavu, begi begani, tayari kwenda nyumbani.

Samaki alisema mbele yao wote. Alisema mwanafunzi hakuzidiwa. Hakutoa ishara. Mkono wake ulikuwa mahali panapotakiwa, alikuwa anangoja mwenzake apishe dirisha, na angetoka mwenyewe kama angeachwa. Kosa lilikuwa la mzamiaji.

"Kwa nini ulimgusa?" mkufunzi mkuu aliuliza.

"Kwa sababu nampenda."

Hata mashine ya kuchuja maji ilionekana kusikiliza. Mkufunzi mkuu alichomoa kalamu mfukoni.

"Hiyo ya mwisho niiweke kwenye taarifa?"

"Iweke."

Shangazi alikaa chini bila kutafuta kiti. Mkufunzi mkuu alisema basi mwanafunzi atarudia mtihani sasa hivi na kundi linalofuata. Na kwa kuwa sheria ni sheria, mzamiaji aliyemgusa mwanafunzi bila ishara hatazama tena mpaka apimwe upya, na nafasi ya kuwa mkuu wa wazamiaji, aliyokuwa ameshaahidiwa, itakwenda kwa mwenzake. Akamwambia akavue vazi. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Samaki alikwenda, akavua, akarudi pekupeku na suruali yake ya michezo, kwa kuwa wazamiaji hawavai viatu bwawani. Wakati akipita, Chapchap alikuwa anavaa ovaroli mbichi kwa haraka, mguu umeingia mkono wa nguo. Alimtazama, na safari hii Samaki hakutamani mlango wowote ubamizwe.

Alitakiwa akae na wazazi. Nafasi ilikuwa moja tu, kati ya shangazi na mama.

"Mjinga wewe," mama alisema bila kumgeukia. "Nilikupa mtu, ukamrudisha."

"Ungenipa nusu, mama. Nusu nyingine ingekuwa huko baharini."

Filimbi ililia, chumba kikateremka, maji yakapanda mpaka vifuani, na chumba chote kikapinduka kwa kishindo. Kutoka benchini hakuna kilichoonekana ila mapovu na vivuli. Samaki hakuwahi kukaa upande huu. Hakujua kwamba ni kugumu hivi. Wa kwanza aliibuka, akaweka kiganja kichwani, ishara ya kwamba yu mzima. Wa pili akaibuka. Mama alimkamata Samaki mkono juu ya kiwiko, kucha zikaingia.

"Mbona hatoki?"

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Mwenzake apishe dirisha. Akitoka mapema atapigwa teke."

"Una hakika?"

"Ninayo," alisema Samaki. Wa tatu aliibuka akitema maji. Chapchap hakuonekana. Mapovu yalipungua. Samaki alijua hesabu yote ya pumzi ya yule mtu, alijua bado ana nafasi tele, alijua kila kitu, na bado miguu yake ilikuwa imeshasimama na mwili wake umeelekea majini.

Mama alimvuta, akamkalisha kwa nguvu hata benchi likalia.

"Kaa," alisema, macho yake yakiwa yamejaa machozi na hayatoki kwenye maji. "Umesema anajua. Basi kaa."

Samaki alikaa. Wakashikana mikono, fundi cherehani na mzamiaji aliyesimamishwa, kila mmoja akimzuia mwenzake.

Kisha kichwa kikaibuka upande wa mbali, bila mtu kukishika, na kiganja kikatua juu yake kwa kishindo cha furaha. Shangazi alipiga kigelegele kilichogonga kuta na kurudi. Mama hakupiga kelele. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akirudia kwamba ametoka mwenyewe, mmeona, ametoka mwenyewe, akiwaambia watu waliokuwa wameona vizuri kuliko yeye.

Chapchap hakungoja kuitwa. Alipanda kwa mama yake na maji yake yote, akamkumbatia, akaliharibu gauni lililoshonwa makusudi kwa siku hiyo. Mama alimshika uso kwa mikono miwili. Alisema aende. Alisema yeye ataogopa, hilo asimkataze, lakini ataogopa amekaa. Chapchap alilia hapo ndipo.

Halafu akamgeukia Samaki, na midomo yake ilikuwa ya buluu kwa baridi, na Samaki hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

"Umepoteza cheo kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya kosa langu."

"Na ile ya mwisho uliyosema mbele ya watu?"

"Hiyo haikuwa kosa."

Chapchap alitabasamu taratibu kabisa, kama mtu mwenye muda wote wa dunia. "Kesho naondoka," alisema. "Nitakaa huko wiki nyingi. Nikirudi, kama bado unataka, lete wazee wako nyumbani."

"Nitangoja," alisema Samaki.

"Wewe unaweza kungoja?" mama aliingilia, akikamua pindo la gauni. "Tumeona wote unavyongoja. Na mimi peke yangu ndani ya nyumba ile sitaweza, nitapasuka. Utakuja kila Jumapili tungoje wawili, mmoja akisimama mwingine amkalishe. Na mtu hawezi kuja kukaa kwangu kila Jumapili bila kujulikana ni nani." Alimtazama binti yake, akamtazama Samaki, akaufunga mkoba wake kwa mlio. "Wazee waje leo jioni. Asafiri akijua ana mchumba."

Chapchap alisema mama, haraka ya nini. Shangazi alimuuliza alidhani haraka yake aliirithi kwa nani.

Samaki alikuwa ameshafika mlangoni. Alipita korido, akapita makabati, akatoka mpaka barabarani kwenye jua akimpigia mama yake simu, na ni mama yake aliyemuuliza, baada ya kumaliza kushangilia, kwa nini sauti yake inarukaruka hivyo anapoongea. Ndipo alipotazama chini, akaona amesimama juu ya lami ya moto bila viatu.